Baiskeli kuukuu ya milimani: Umri si kasoro, ila ipimwe kabla ya kulipiwa

KATIKA miji mingi nchini hapakosi mahali ambapo baiskeli zilizotumika ng'ambo husimamishwa safu kwa safu, zikiwa zimepanguswa vumbi na kupakwa mafuta ili zimeremete machoni pa mpita njia. Miongoni mwazo, zinazovutia wengi ni zile za milimani, zenye matairi mapana na gia kadhaa, ambazo watu huziita tu baiskeli za gia. Baadhi yazo ziliundwa miaka ishirini au thelathini iliyopita, na muuzaji huzinadi kwa bei iliyo chini mno kuliko ile ya baiskeli mpya yenye ubora sawa.

Swali linalomkabili mnunuzi ni iwapo bei hiyo ni nafuu ya kweli au ni mtego. Kwa mwalimu anayesafiri kilomita nane kila asubuhi kwenda shuleni, au mwanafunzi wa chuo anayetaka kuepuka gharama ya matatu, huenda fedha hizo ndizo akiba yake ya miezi kadhaa. Akikosea, atabaki na mkweche unaolala kwa fundi siku nyingi kuliko unazokuwa barabarani, huku nauli ikiendelea kumtoka kama kawaida.

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Hata hivyo, ukongwe wa baiskeli pekee si sababu ya kuikataa. Yanayostahili kupimwa ni mambo manne: iwapo inamfaa mwendeshaji, iwapo fremu yake ni nzima, iwapo vipuri vyake vinapatikana, na iwapo gharama ya kuitengeneza, ikijumlishwa na bei ya muuzaji, bado ni nafuu.

Zao la baiskeli kuukuu

Baiskeli ya milimani yenyewe ilitokana na baiskeli kuukuu. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, walizichukua baiskeli nzito za matairi manene zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, wakawa wakiteremka nazo kwa kasi katika njia za vumbi za Mlima Tamalpais na vilima vya karibu. Mnamo Oktoba 21, 1976, waliandaa shindano lao la kwanza katika mteremko uliokuja kujulikana kama Repack. Jina hilo lilitokana na breki za nyuma zilizokuwa ndani ya habu: zilipata moto hadi grisi ikateketea, ikabidi habu ifunguliwe na kutiwa grisi upya.

Haikuchukua muda kabla ya mchezo huo kuzaa biashara. Joe Breeze alianza kuunda fremu maalumu kwa kazi hiyo mnamo 1977. Mwaka wa 1979, Gary Fisher na Charlie Kelly walianzisha kampuni ya kuuza baiskeli za aina hiyo, fremu zake zikiundwa na Tom Ritchey. Kampuni ya Specialized nayo ilianza kuuza Stumpjumper mnamo 1981, na kufikia 1996 mbio za baiskeli za milimani zilikuwa zimeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta.

Historia hiyo ina funzo kwa mnunuzi wa leo. Fremu nzuri ya chuma huweza kudumu kwa miongo kadhaa, ilhali breki, mnyororo, matairi na beringi ni vitu vya kuchakaa na kubadilishwa. Anayeikagua baiskeli kuukuu hana budi kutofautisha kile kilichochakaa kwa kawaida na kile kilichoharibika kabisa.

Kutambua umri wake

Si ajabu muuzaji kudai kuwa baiskeli ni ya "juzijuzi tu". Zipo dalili za kumsaidia mnunuzi kukadiria mwenyewe. Vipuri vingi vya kampuni ya Shimano ya Japani, hasa mikono ya pedali na kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, vimegongwa herufi mbili kwa upande wa ndani. Herufi ya kwanza huonyesha mwaka, A ikiwa 1976, B ikiwa 1977 na kuendelea hadi Z, yaani 2001. Ya pili huonyesha mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Disemba. Kwa hivyo SD humaanisha Aprili 1994. Mfuatano huo ulianza tena kwa A mnamo 2002, lakini si vigumu kutofautisha vizazi hivyo viwili kwa kutazama baiskeli nzima.

Idadi ya meno ya nyuma pia husaidia. Magurudumu sita au saba ya meno huashiria baiskeli ya mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa baiskeli za bei ya chini ziliendelea kuundwa hivyo kwa muda mrefu baadaye. Magurudumu manane yalienea katikati ya miaka ya 1990, na tisa kuanzia 1999. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kipuri kinaweza kuwa kilibadilishwa, na kwamba herufi hizo hueleza umri wa kipuri wala si wa fremu.

Kimo kwanza

Kosa la kawaida ni kuipenda baiskeli kabla ya kuipanda. Fremu iliyo kubwa au ndogo kupita kiasi haina dawa, kwa maana kila kitu kingine chaweza kubadilishwa isipokuwa hiyo. Mnunuzi asimame akiwa ameipitisha baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa ardhini. Kati ya msamba na bomba la juu la fremu pabakie nafasi ya sentimita tano hivi au zaidi, ili asiumie atakaporuka ghafla kutoka kitini.

Kisha aketi, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila ya nyonga kuinama upande, kiti kipo katika kimo kinachokaribia kufaa. Iwapo nguzo ya kiti imelazimika kuvutwa hadi kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, fremu hiyo ni fupi mno kwake na kuna hatari ya nguzo kuvunjika au kuipasua fremu.

Nguzo hiyo ilegezwe na kusogezwa mbele ya muuzaji. Katika baiskeli iliyokaa miaka mingi bila kutunzwa, nguzo ya alumini huweza kushikana na fremu ya chuma kwa sababu ya kutu hata isitoke kwa nguvu za kawaida. Ikiwa imekwama katika kimo kisichomfaa mnunuzi, biashara iishie hapo.

Fremu ndiyo roho

Baiskeli igeuzwe juu chini mahali penye mwanga na ipanguswe kwa kitambaa. Nyufa hutokea zaidi kwenye viungio: panapokutana mabomba na shingo ya usukani, panapopita mhimili wa pedali, chini ya kiti, na panapofungwa gurudumu la nyuma. Mstari mwembamba wa kutu unaopenya rangi huenda ukawa ufa wala si mkwaruzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa fremu ya baiskeli ni heri kutoununua ufa huo kabisa.

Upande wa chini wa bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani uguswe kwa vidole. Mikunjo midogo, au rangi iliyojikunyata hapo, ni ishara kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele.

Sumaku ndogo hutosha kutambua aina ya fremu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, huenda ikawa alumini. Tofauti hiyo ina uzito. Fundi stadi aweza kuchomelea chuma kilichopasuka, japo fremu za mabomba membamba huhitaji mkono mwepesi. Alumini iliyopasuka haifai kupelekwa kwa mchomeleaji wa milango na madirisha, kwa kuwa moto hudhoofisha sehemu inayozunguka kiungio, na fremu nyingi za alumini zilipitishwa katika joto maalumu kiwandani ili zipate nguvu. Fremu kama hiyo ikatwe jina.

Kipimo kingine kinahitaji uzi tu. Mwisho mmoja wa uzi ufungwe panapokaa gurudumu la nyuma upande wa kushoto, uzungushwe mbele ya shingo ya usukani, kisha urudishwe hadi upande wa kulia, ukiwa umenyooshwa vyema. Umbali kutoka kwa uzi hadi bomba la kiti upimwe pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa milimita kadhaa, imepinda, na baiskeli itavuta upande mmoja daima.

Magurudumu na matairi

Kila gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa huku jicho likiwa kwenye nafasi kati ya rimu na raba za breki. Kuyumba kidogo hurekebishwa kwa kukaza spoku, lakini rimu iliyobonyea au kupasuka penye matundu ya spoku ni ya kubadilishwa. Spoku zikibanwa mbili mbili kwa vidole, zote zikaze kwa namna inayokaribiana.

Ukingo wa rimu unaoguswa na breki nao hulika. Baada ya miaka mingi ya matope na mchanga, huwa na bonde linalohisiwa kwa kidole. Rimu iliyolika hivyo huweza kupasuka ghafla kwa shinikizo la upepo wa tairi, na ikitokea katika mteremko, mwendeshaji hana la kufanya.

Karibu baiskeli zote za milimani zilizoundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 hutumia magurudumu ya inchi 26, na hilo ni jambo la kheri kwa kuwa tairi za kipimo hicho bado zinauzwa kwa wingi. Hata hivyo, inchi 26 ni za aina mbalimbali. Tairi iliyoandikwa kwa desimali, mathalani 26 x 1.95 au 26 x 2.125, hukaa katika rimu ya milimita 559. Ile iliyoandikwa kwa sehemu, kama vile 26 x 1 3/8, ni ya rimu ya milimita 590, inayopatikana katika baiskeli nyingi za mjini zitokazo Japani. Aina hizo mbili hazibadilishani kamwe. Njia ya hakika ni kusoma nambari iliyogongwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 54-559, ambapo nambari ya pili ndiyo kipimo cha rimu.

Tairi lenye vishimo vizuri bado laweza kuwa limekufa. Ubavu wake ukionyesha mipasuko midogo kama udongo uliokauka, mpira umezeeka, na gharama ya matairi mapya iandikwe kwenye daftari.

Mnyororo na gia

Mnyororo hupimwa kwa rula ya shule yenye inchi 12. Pini ya kiungo kimoja iwekwe kwenye alama ya sifuri, na mnyororo unyooshwe. Ukiwa mpya, pini nyingine huangukia penye inchi 12 hasa. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umefika wakati wa kubadilishwa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, kuna uwezekano mkubwa kwamba meno ya nyuma pia yamelika, na mnyororo mpya utakuwa ukiruka juu yake kila mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu.

Meno yaliyochongoka mfano wa mapezi ya papa yamekwisha. Vilevile, mikono ya pedali ishikwe na kusukumwa kulia na kushoto. Ikicheza, huenda tatizo ni nati iliyolegea, beringi zilizokufa, au mkono uliolika tundu lake. Haya mawili ya kwanza hutengenezeka kwa urahisi kuliko la tatu.

Gia zijaribiwe zote huku baiskeli ikiendeshwa, si ikiwa imening'inizwa hewani. Wenye kuuza hupenda kuzungusha pedali kwa mkono ili kuonyesha ulaini wake, lakini gia hudhihirisha ugonjwa wake zinapobeba uzito wa mtu akipanda mlima.

Breki na springi

Baiskeli kuukuu nyingi zina breki za raba zinazobana rimu, zikivutwa kwa waya. Mfumo huo ni rahisi kueleweka na fundi yeyote wa mtaani. Zile zenye mikono mirefu iliyosimama wima, zilizoletwa na Shimano mnamo 1996, hushika kwa nguvu kuliko zilizozitangulia. Breki za diski zinazotumia mafuta zahitaji tahadhari: baadhi hutumia mafuta ya madini na nyingine ya aina ya breki za magari, na kuyachanganya huharibu raba za ndani.

Uma wa mbele wenye springi, ambao mafundi huuita foku ya shoki, ulianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa macho unapendeza, lakini katika baiskeli ya umri huo ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuleta hasara. Raba za ndani hugeuka kuwa ngumu au kusagika, mafuta huvuja, na vipuri vya foku hizo za kale ni adimu. Breki ya mbele ikamatwe na usukani usukumwe chini. Foku isiposhuka kabisa, au ikishuka bila kurudi, au ikicheza mbele na nyuma, ihesabiwe kuwa imekufa. Kwa safari za kawaida, foku ya chuma isiyo na springi ni nyepesi, haina cha kuharibika upesi, na ni ya kuaminika zaidi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baiskeli yenye rangi mpya, vibandiko vinavyong'aa na springi mbili huenda ikawa duni kuliko ile iliyofifia iliyoegemezwa ukutani.

Kuandika hesabu

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aandike kila kitakachobadilishwa na kuuliza bei yake katika duka la vipuri analolitegemea, kisha ajumlishe na ada ya fundi.

Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu yule ameonyeshwa baiskeli mbili. Ya kwanza ni ya Sh8,000, lakini inahitaji matairi mawili ya Sh1,600, mnyororo na meno ya nyuma kwa Sh1,500, waya na raba za breki kwa Sh600, na beringi pamoja na kazi ya fundi kwa Sh1,300. Gharama yake halisi ni Sh13,000. Ya pili inauzwa kwa Sh11,500 na inahitaji matengenezo ya Sh500 pekee, hivyo itamgharimu Sh12,000. Iliyodhaniwa kuwa rahisi ndiyo ghali, kwa Sh1,000 nzima.

Ikiwa mwalimu huyo hutumia Sh100 kwa nauli kila siku, na anafunza siku 22 kwa mwezi, nauli ni Sh2,200. Baiskeli ya Sh12,000 itakuwa imerudisha fedha zake kabla ya miezi sita kwisha, mradi iwe barabarani kila siku. Hapo ndipo uzima wake unapokuwa na thamani kuliko jina lililoandikwa ubavuni.

Aidha, mnunuzi ajiulize kazi atakayoifanyia. Anayebeba mitungi ya maziwa au magunia ya mboga huenda akafaidika zaidi na baiskeli nzito ya chuma aina ya Black Mamba, iliyokusudiwa kubeba, yenye kitako imara na vipuri katika vituo vingi vya biashara mashambani. Ya milimani humfaa zaidi anayekwenda peke yake, katika njia zenye mawe na miinuko.

Aliyeiuza ni nani?

Kasoro moja haionekani kwa macho wala kupimwa kwa uzi, nayo ni umiliki. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba iliibwa anaweza kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 14. Bei ya kushangaza inayotajwa na mtu mwenye haraka, asiyetaka kutoa jina lake, ni mojawapo ya sababu hizo.

Nambari ya fremu kwa kawaida huwa imegongwa chini ya mhimili wa pedali. Ikiwa imefutwa kwa tupa, baiskeli iachwe papo hapo. Ikiwepo, iandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe, bei, jina la muuzaji, nambari yake ya kitambulisho na ya simu, na pande zote mbili zitie saini. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Wakati wa kukataa

Orodha hii ndefu isimvunje moyo mnunuzi. Mengi yaliyotajwa hukaguliwa kwa muda wa nusu saa, kwa kutumia kitambaa, sumaku, uzi na rula. Asiyejiamini anaweza kuandamana na fundi asiyemjua muuzaji, na kumlipa kwa muda wake. Ada hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara.

Matairi, waya, raba za breki, mnyororo na grisi ni mambo ya kupunguziana bei, si ya kukimbiwa. Lakini fremu iliyopasuka au kupinda, kimo kisichomfaa mwendeshaji, nguzo ya kiti iliyokwama mahali pabaya, na umiliki wenye shaka ni mambo yasiyo na bei. Likionekana hata moja kati ya hayo, jibu ni kushukuru na kwenda zake, hata muuzaji akiteremsha bei hadi nusu.

Yasipoonekana, na hesabu ikaafiki, mnunuzi hana sababu ya kuuogopa mwaka ulioandikwa kwenye kipuri. Baiskeli iliyotumika miaka thelathini na bado imenyooka imeonyesha uimara ambao mpya haijapata nafasi ya kuuonyesha.